Dawa ya moto ni moto: Nyoka wafugwao waokoa walioumwa

JE, msomaji, umewahi kujiuliza ile dawa anayotundikiwa mgonjwa aliyeumwa na nyoka hutoka wapi? Haichimbwi ardhini kama mizizi, wala haitengenezwi kwa kuchanganya kemikali kama aspirini. Dawa hiyo huanzia mdomoni mwa nyoka mwenyewe. Ni nyoka aliyefungiwa kisandukuni, anayelishwa panya na kuwekewa maji, na ambaye sumu yake hukamuliwa kama vile wewe unavyomkamua ngamia au mbuzi wako.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Katika jambo hili walisema kweli tupu. Bila nyoka wa kufugwa hakuna sumu ya kutosha, na bila sumu hakuna dawa.

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui, nalo ndilo kiini cha makala haya. Dawa ya sumu ya nyoka si moja kwa nyoka wote. Huokoa pale tu inapokuwa imetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa jamii ya yule aliyekuuma. Kwa mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera, jambo hilo laweza kuwa tofauti kati ya kupona na kuzikwa.

Maradhi ya wanyonge

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka ulimwenguni. Kati yao, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufariki. Wengine wapatao mara tatu ya idadi hiyo hubaki na ulemavu wa kudumu, kama vile kukatwa mguu au mkono. Ilikuwa Juni 2017 shirika hilo lilipoyaweka rasmi madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Mwaka wa 2019 lilitangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka wa 2030.

Kwa nini yalisahauliwa? Kwa sababu nyoka hawaumi sana watu wa mijini wanaokaa ofisini. Huuma mchungaji anayefuata mifugo yake, mwanamke anayeokota kuni, mkulima wa kando ya mto Tana na mtoto anayelala chini. Watu hawa hawana wa kuwasemea.

Kenya ina zaidi ya aina 100 za nyoka. Wengi wao hawana madhara yoyote kwa binadamu. Katika nchi kavu ya Kaskazini Mashariki, hata hivyo, wapo watatu ambao yakupasa kuwajua.

Wa kwanza ni nyoka mdogo ambaye wataalamu humwita Echis pyramidum. Hapa tutamwita nyoka msumeno, kwa kuwa magamba ya ubavuni mwake yana meno kama ya msumeno. Akikasirika hujikunja na kuyasugua magamba hayo, na sauti itokayo ni kama ya maji yaliyomwagikia kikaango cha moto. Ni mfupi, mara nyingi hafiki hata futi mbili, na rangi yake hufanana na mchanga. Hutembea usiku. Usimdharau kwa udogo wake. Sumu yake huizuia damu kuganda, na mgonjwa huanza kuvuja damu kwenye ufizi, puani, katika mkojo na hata ndani ya ubongo.

Nyoka huyu ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Wakusanyaji waliofanya kazi katika eneo la mlima wa Moille, kaskazini mwa Kenya, waliwahi kukamata karibu nyoka 7,000 wa aina hii kwa muda wa miezi minne tu.

Wa pili ni moma, ambaye wengine humwita bafe au kifutu. Ni mnene, mvivu na hapendi kukimbia. Hulala njiani akitegemea madoa yake kumficha, nawe humkanyaga bila kumwona. Sumu yake huvimbisha mguu au mkono na kuozesha nyama.

Wa tatu ni swila atemaye mate. Katika nchi kavu yuko swila mwekundu, na yuko pia ndugu yake mkubwa wa rangi ya kahawia ambaye habari zake zitafuata. Hawa hutema sumu machoni mwa mtu wakiwa umbali wa hatua kadhaa, na wakiuma, nyama ya mahali pale huoza.

Chura na nyoka: Tofauti kubwa

Ili uelewe kwa nini nyoka anaweza kufugwa kwa ajili ya dawa, hebu kwanza tumtazame mnyama mwingine mwenye sumu, yaani chura.

Katika misitu ya Amerika ya Kusini na ya Kati wako vyura wadogo wenye rangi za kupendeza kama ushanga: manjano, buluu, nyekundu. Ngozi zao zina sumu kali. Waindio wa kabila la Emberá nchini Kolombia walikuwa wakizisugua ncha za mishale yao midogo mgongoni mwa chura wa manjano, kisha wakaenda kuwinda. Yakadiriwa kwamba sumu iliyo katika chura mmoja wa aina hiyo yaweza kuwaua watu wapatao kumi.

Leo maelfu ya watu Ulaya na Marekani huwafuga vyura hao majumbani. Huwatengenezea visanduku vya kioo vyenye joto na unyevu, huwapandia mimea midogo, na kuwalisha nzi wadogo wa matunda. Vyura hutaga mayai juu ya majani, na viluwiluwi wanapototoka, mzazi huwabeba mgongoni hadi penye maji. Wenye kuwafuga huwashika na kuwasafisha bila kudhurika.

Inakuwaje basi? Jibu ni kwamba chura huyo hajitengenezei sumu. Huipata kwa kula sisimizi, utitiri na wadudu wengine wa msituni, kisha huihifadhi katika ngozi yake. Akizaliwa kizuizini na kulishwa nzi wa matunda, hana sumu kabisa. Mtaalamu wa Marekani, John Daly, aliligundua jambo hili kwa taabu. Alikuwa amepata katika ngozi ya chura wa Ekwado kemikali inayotuliza maumivu mara 200 kuliko mofini. Alipotaka kuipata zaidi kwa vyura waliolelewa kizuizini, hakuambulia kitu. Muundo wa kemikali hiyo ulijulikana mwaka wa 1992, lakini ilionekana kuwa na sumu kali mno kwa binadamu, hivyo haikuwa dawa.

Hata sisi tunaye chura wa kuangaliwa. Katika nyika kavu kuanzia Somalia na Kenya hadi Afrika Kusini yuko chura mweusi, laini kama mpira, mwenye mistari miwili myekundu mgongoni. Hujificha katika mashimo na vichuguu, na hujitokeza mvua inaponyesha. Majimaji ya ngozi yake huwasha, na mwenye kidonda mkononi akimshika aweza kuvimba na kuugua. Watoto wakanywe wasimchezee, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni.

Nyoka naye si kama chura. Sumu yake haitokani na chakula. Huitengeneza mwenyewe katika tezi zilizo nyuma ya macho yake, kama vile wewe unavyotengeneza mate. Mfungie miaka kumi, mlishe panya weupe wa maabara, naye atabaki na sumu ile ile. Hiyo ndiyo sababu nyoka anaweza kufugwa na kukamuliwa mwaka baada ya mwaka. Hiyo pia ndiyo sababu hakuna nyoka mwenye sumu aliyezoea watu hata akawa salama.

Ufugaji wenyewe

Katika nchi yetu, shamba la nyoka linalojulikana sana ni lile la Bio-Ken lililoko Watamu, Kaunti ya Kilifi. Lilianzishwa mwaka wa 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Bwana Ashe, aliyefariki mwaka wa 2004, alikuwa amewahi kufanya kazi na nyoka katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi. Aidha, katika mtaa wa Karen jijini Nairobi, taasisi ya utafiti wa nyani ina kituo cha utafiti wa nyoka kinachoshirikiana na chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Liverpool, Uingereza. Wataalamu wa kituo hicho hufuga nyoka wa humu nchini na kuzichunguza sumu zao, kwa lengo la kupata dawa inayowafaa Wakenya.

Ilikuwa kule Watamu ambako yule swila mkubwa wa kahawia alichunguzwa kwa makini. Bwana Ashe alishuku zamani kwamba huyu si swila wa kawaida. Mwaka wa 2004 nyoka mmoja wa aina hiyo alikamuliwa pale shambani akatoa mililita 6.2 za sumu kwa mara moja, yaani zaidi ya kijiko cha chai. Mwaka wa 2007 wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walithibitisha kuwa ni aina mbali, wakampa jina la Naja ashei kwa heshima ya marehemu. Swila huyu aweza kufikia urefu wa futi tisa, na makao yake ni nchi kavu za mashariki na kaskazini mwa Kenya pamoja na nchi jirani. Kama asingefugwa na kukamuliwa, tungeendelea kumchanganya na wengine.

Ufugaji wa nyoka una kanuni zake. Kila nyoka hukaa katika kisanduku chake kinachofungwa kwa kufuli. Huwekewa upande wenye joto na upande wenye ubaridi ili achague mwenyewe, kwa kuwa mwili wake haujitengenezei joto. Huwekewa maji na mahali pa kujificha, maana nyoka asiye na maficho hukataa kula. Panya hupewa akiwa amekwisha kuuawa, mara moja kwa juma au kwa majuma mawili. Nyoka mgeni kutoka porini hutengwa kwanza mpaka ijulikane kwamba hana minyoo wala utitiri.

Mtunzaji naye hafanyi kazi peke yake. Huwa wawili daima, wakiwa na fimbo yenye ndoano na koleo ndefu. Na kabla ya nyoka wa kwanza kuingia chumbani, dawa ya sumu yake huwa tayari iko ndani ya friji.

Kwa nini wazalishwe humo humo badala ya kukamatwa porini kila siku? Kwanza, nyoka wa porini wengi hufa kizuizini kwa mshtuko na vimelea. Pili, aliyezaliwa shambani asili yake yajulikana. Tatu, pori halimalizwi. Nyoka msumeno hutaga mayai, na swila vile vile, nayo hutunzwa katika vyombo vyenye joto na unyevu wa kadiri. Moma huzaa watoto walio hai, kwa kawaida kati ya 20 na 40. Moma jike mmoja aliyetoka Kenya, akifugwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové nchini Cheki, alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni idadi kubwa kuliko ya nyoka mwingine yeyote anayejulikana.

Hata hivyo, si vyema kutegemea ukoo mmoja tu. Sumu ya nyoka hutofautiana kwa umri na kwa mahali. Moma wa Garissa si lazima awe sawa na moma wa Kusini mwa Afrika. Kwa hiyo watengenezaji hodari huchanganya sumu za nyoka wengi kutoka sehemu mbalimbali.

Kutoka sumu hadi dawa

Siku ya kukamua, mtunzaji humshika nyoka nyuma ya kichwa na kumwumisha utando uliofungwa juu ya kikombe cha kioo. Sumu hudondoka ndani. Hugandishwa, kisha hukaushwa mpaka iwe unga, na unga huo waweza kuhifadhiwa kwa miaka.

Baada ya hapo farasi huingia kazini, au pengine kondoo. Hudungwa sumu kidogo sana, kiasi kisichomdhuru. Baada ya muda huongezewa, kisha huongezewa tena kwa miezi kadhaa. Mwili wa farasi hujifunza kupigana na sumu hiyo kwa kutengeneza kingamwili. Ndipo hutolewa damu kiasi, naye huendelea kuishi na kula majani yake. Kingamwili hutenganishwa na damu, husafishwa na kutiwa katika vichupa. Hicho ndicho kichupa anachokifungua daktari.

Mfaransa Albert Calmette ni miongoni mwa waliovumbua njia hii katika miaka ya 1890, baada ya kuchunguza sumu ya swila wa Asia. Alidhani dawa yake ingefaa kwa nyoka wote. Miaka michache baadaye daktari wa Brazili, Vital Brazil, alionyesha kwamba sivyo. Dawa ya swila wa Asia haikuwasaidia walioumwa na nyoka wa Brazili. Ikabidi nyoka wa kwao wakamuliwe, na kazi hiyo ikafanywa katika taasisi ya Butantan mjini São Paulo, ambayo ingali ikiendelea hadi leo.

Ghana ililipa gharama ya kulisahau somo hilo. Mapema katika miaka ya 2000, hospitali moja ya mashambani ilibadilishiwa dawa ikaletewa nyingine iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka msumeno wa Asia, ilhali walioumwa waliumwa na nyoka msumeno wa Afrika Magharibi. Kabla ya hapo walikuwa wakifa wagonjwa pungufu ya wawili kati ya kila 100. Baada ya mabadiliko hayo walikufa 12 kati ya 100. Kichupa kilikuwa kichupa, sindano ilikuwa sindano, lakini nyoka hakuwa yule.

Kenya nayo kwa miaka mingi imekuwa ikiagiza dawa hii kutoka ng'ambo. Dawa ya Afrika Kusini iliyo maarufu ni nzuri kwa moma, swila kadhaa na koboko. Lakini katika kuitengeneza, sumu ya nyoka msumeno haitumiki. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza dawa iliyowajumuisha nyoka msumeno wa Afrika. Iliacha kazi hiyo mwaka wa 2014 kwa kuwa haikuwa na faida, na vichupa vya mwisho viliisha muda wake Juni 2016. Zipo dawa nyingine sokoni zinazowajumuisha nyoka hao, lakini bei yake ni maelfu ya shilingi kwa kichupa, na mgonjwa mmoja huhitaji zaidi ya kichupa kimoja.

Ukiumwa ufanye nini?

Fikiria umbali ulioko kati ya Hulugho au Balambala na hospitali kuu ya rufaa mjini Garissa, hasa wakati wa mvua barabara zinapokatika. Saa zinazopotea njiani ni nyingi. Usiziongeze kwa mambo yasiyofaa.

Kwanza, jitenge na nyoka na utulie. Si kila nyoka ana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Kukimbia na kupiga kelele huieneza sumu haraka.

Pili, vua pete, bangili, saa na viatu kabla ya uvimbe kuanza.

Tatu, uzuie mguu au mkono usisogee. Ufunge pamoja na ubao au fimbo iliyonyooka, kama afungwavyo aliyevunjika mfupa, lakini usikaze.

Nne, mgonjwa abebwe na asitembee, kama inawezekana. Akitapika au akizirai alazwe kwa ubavu wa kushoto.

Tano, kumbuka saa aliyoumwa na jinsi nyoka alivyoonekana. Usimfuate ili umuue wala usimbebe kumpeleka hospitali. Kichwa cha nyoka aliyekufa bado chaweza kuuma.

Sasa sikiza usiyopaswa kufanya. Usichanje kwa wembe, kwa maana aliyeumwa na nyoka msumeno damu yake haigandi, na chale ndogo yaweza kumwaga damu siku nzima. Usifunge kamba kwa nguvu. Wako waliokatwa miguu kwa ajili ya kamba. Usinyonye kwa mdomo. Usichome kwa moto, usimwagie petroli, wala usitegemee jiwe jeusi. Mganga wa kienyeji ni mtu wa kuheshimiwa, na maombi ya wazee hayakatazwi, lakini yafanyike gari likiwa njiani.

Ukitemewa mate na swila, osha macho mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, ukiyafungua na kuyafunga. Kama hakuna maji kabisa, maziwa yatafaa. Usiyasugue. Kisha nenda ukaonwe na daktari, kwa kuwa jicho laweza kupata kidonda na kupofuka.

Ukifika hospitalini usishangae daktari asipokudunga dawa papo hapo. Atakuchunguza kwanza. Kuna kipimo kimoja rahisi kinachoweza kufanywa hata katika zahanati isiyo na umeme. Damu kidogo hutiwa katika chupa safi kavu ya kioo, huachwa imetulia kwa dakika 20, kisha huinamishwa. Ikiwa bado ni majimaji, sumu ya nyoka msumeno imo mwilini na dawa yahitajika. Kipimo hicho hurudiwa baada ya saa kadhaa ili kuona kama dawa imefanya kazi.

Dawa hutundikwa mshipani. Kwa kuwa imetokana na mnyama, yaweza kumletea mgonjwa muwasho, upele au shida ya kupumua, ndiyo maana hutolewa mbele ya mhudumu mwenye dawa ya kuyatuliza hayo. Usiinunue ukajidunge nyumbani. Mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakumpunguzia sumu kwa udogo wake. Mwanamke mjamzito pia hupewa. Na kama umechelewa siku moja au mbili, usikate tamaa. Maadamu damu haijaganda, dawa bado yaweza kusaidia.

Kinga ni bora

Nyoka huja nyumbani kwa sababu mbili: kutafuta chakula na kutafuta mahali pa kujificha. Panya wakiwepo, naye atakuwepo. Safisha majani na takataka zilizoizunguka nyumba au herio. Weka kuni mbali na mahali pa kulala, na unapozichukua zipindue kwanza kwa fimbo. Usitie mkono shimoni wala chini ya jiwe usiloliona upande wa pili.

Usiku tembea na tochi na uvae viatu vilivyofunika mguu. Makubadhi hayatoshi. Ukiweza, lala juu ya kitanda, na uchomeke chandarua vyema chini ya godoro. Kitakuepusha na mbu na nyoka kwa pamoja. Kung'uta viatu na matandiko asubuhi.

Wakati wa mafuriko jihadhari zaidi. Mto Tana unapofurika, kama ilivyokuwa wakati wa El Nino ya mwaka wa 1997 na tena mwishoni mwa mwaka wa 2023, maji huwafukuza nyoka mashimoni. Nao hukimbilia mahali pakavu unapokimbilia wewe.

Labda wako vijana watakaosoma habari hizi na kutamani kufuga nyoka ili wauze sumu. Wajue kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 yataka kibali kutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Wajue pia kwamba watengenezaji wa dawa hawanunui sumu isiyojulikana ilikotoka, ilivyokamuliwa wala ilivyohifadhiwa. Nyoka katika debe nyumbani si biashara. Ni ajali inayosubiri mtoto afungue kifuniko.

Kazi ya kila mmoja wetu ni nyepesi zaidi. Utakapoenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, hata kama ni kumpeleka mtoto chanjo, muulize mhudumu maswali mawili. Je, dawa ya sumu ya nyoka iko hapa leo, na kama haiko, ya karibu iko wapi? Na je, kwenye karatasi ya dawa hiyo jina la Echis limeandikwa? Yaandike majibu na uwaeleze jamaa na majirani. Chifu, mwakilishi wa wadi na wakuu wa afya wa kaunti nao waulizwe maswali hayo hayo. Swali likiulizwa mapema, kabla mtu hajaumwa, bado kuna wakati wa kuiagiza dawa inayofaa.